Kusomea muziki katika chuo kikuu kidogo na kujiunga na vikundi vyake: naomba ushauri wenu

Sauti ya Tatu (mwanzisha mada)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu.

Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na matokeo yangu yananiruhusu kuomba shahada ya kwanza. Nimekulia katika kwaya ya usharika, ambako naimba sauti ya tatu, na baadaye nikaingizwa katika kwaya ya matarumbeta ya usharika huohuo. Nota za sol-fa, yaani za do, re, mi, nazisoma papo kwa papo. Nota za mistari mitano nazimudu upande wa tarumbeta tu, tena polepole, na kinanda sijawahi kufundishwa na mtu. Ninachotamani ni kuomba Shahada ya Sanaa katika Muziki pale Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River, kandokando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, kwa kuwa ni chuo cha kanisa letu la Kilutheri, KKKT, kipo karibu na nyumbani, na wanafunzi wake hufundishwa muziki wa Kiafrika sambamba na ule wa Ulaya. Baba yangu hapingi muziki, ila angependa nisomee ualimu wa lugha katika chuo kikubwa cha umma, na muziki niendelee nao kama ninavyofanya sasa, yaani Jumapili na jioni za mazoezi.

Ninaomba kufahamishwa mambo haya. Je, vikundi vya chuo kidogo, kama vile kwaya, bendi na vikundi vya ngoma na ala za asili, ni sehemu ya masomo yenye alama, au ni burudani baada ya vipindi? Je, mtu anayejua sol-fa peke yake hupokelewa, au husubirishwa mpaka ajue mistari mitano? Na je, uchache wa wanafunzi na walimu haumdumazi mtu, maana hatapata okestra kamili wala wapigaji wengi wa kujipima nao? Ningefurahi pia kusikia kutoka kwa mtu aliyesomea kozi nyingine kabisa lakini akawa ndani ya vikundi vya muziki vya chuo chake, kwa sababu huenda hiyo ndiyo njia itakayoturidhisha mimi na baba.

Mwalimu wa Nota

Marahaba, mdogo wangu. Mimi hufundisha muziki katika shule ya sekondari mkoani Kilimanjaro, na shahada yangu niliipata katika chuo kidogo ambacho sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kukisifu.

Katika programu nyingi za shahada ya muziki, kushiriki katika kikundi huhesabiwa kama kozi: unasajiliwa, mahudhurio yanaandikwa, na mwisho wa muhula kuna onyesho ambalo ni mtihani kama ilivyo mitihani mingine. Hilo ni sawa kwa chuo kikubwa na kidogo, na utalisoma katika kitabu cha mwongozo. Kisichoandikwa humo ni namna mazoezi yenyewe yanavyokuwa. Kwaya ya watu 80 ina waimbaji wa sauti ya tatu wapatao 15, na anayesitasita hubebwa na wenzake bila kiongozi kujua. Kwaya ya watu 18 huwa nao watatu tu. Mmoja akipata mafua na mwingine akachelewa daladala, unabaki peke yako katikati ya sauti ya pili na ya nne, na kosa lako linasikika mpaka mlangoni. Niliwaona wenzangu wawili wakiacha kwaya katika wiki za kwanza kwa sababu hiyo, na niliwaona wengine, waliokuja wakiwa na sauti za kawaida kabisa, wakawa wasomaji wa nota wa kutegemewa kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Sina hakika kwamba wangefika hapo katika kwaya ambayo isingewahitaji.

Kuhusu okestra, sema kweli kwamba hutaipata. Sisi tulikuwa na fidla chache, cheli moja, klarineti mbili na tromboni, na kila wimbo uliotungwa kwa okestra ulibidi uandikwe upya kabla ya kupigwa. Sauti ya viola ilipewa klarineti, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu viola husoma ufunguo wake wa peke yake (ile alama ya mwanzo wa mistari inayoonesha kila nota inakaa wapi), na klarineti ya kawaida huandikiwa toni moja juu ya kile kinachosikika. Kwa hiyo kila nota ilihamishwa mara mbili. Mhadhiri wetu hakuifanya kazi hiyo mwenyewe. Alituachia sisi, akakaa nyuma wakati wa mazoezi akisikiliza mahali tulipokosea, na makosa yalijitaja yenyewe mara tu wapigaji walipoanza. Upangaji wa ala niliojifunza kwa njia hiyo ndio ninaoutumia hadi leo kila ninapoandalia shule yangu wimbo, kwa maana hata shule yangu haina ala zinazotakiwa na kitabu chochote. Mwanafunzi wa chuo chenye okestra kamili hupewa karatasi iliyokwisha kuchapwa, akaipiga, akaenda zake.

Sasa upande wa pili. Chuo kidogo humtegemea mtu mmoja kwa kila ala, na mtu huyo akienda masomoni au akipata kazi pengine, ala nzima husimama. Kwetu mwalimu wa piano aliondoka katikati ya mwaka, na tulikaa muhula mzima tukifundishana sisi kwa sisi, huku ada ikiwa ni ileile. Vifaa ni shida nyingine: nyuzi za cheli na vile vipande vya mwanzi vya mdomoni mwa klarineti havikupatikana kwa urahisi madukani, tukawa tunaagiza Nairobi kwa mtu anayesafiri. Piano ikishuka sauti, fundi wa kuikaza anatafutwa mbali, na kabla hajaja mnaimba mkiwa mmezoea sauti ambayo si sahihi. Kwa hiyo, kabla hujajaza fomu, nenda chuoni ukaulize kwa jina: nani anafundisha tarumbeta, na je, ni mwajiriwa wa kudumu au huja mara moja kwa wiki? Vyumba vya mazoezi hufungwa saa ngapi, na ufunguo hukaa kwa nani? (Usicheke swali la ufunguo. Mlinzi anayelala mapema anaweza kuharibu mwaka wako wa masomo kuliko mhadhiri mbaya.) Je, ala za chuo zaweza kutoka nje ya jengo wakati wa likizo? Kisha omba kuketi katika mazoezi ya kwaya kwa saa moja tu, nyuma kabisa, bila kuimba. Utayajua mengi kuliko yaliyo katika tangazo.

Kuhusu sol-fa, usiione aibu. Mfumo huo, uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, umekufundisha kitu ambacho wapiga piano wengi hawana, yaani kusikia kila sauti kwa uhusiano wake na do. Karatasi yako ya kwaya inapoandikwa juu kwamba do ni G, wewe tayari unajua wimbo unavyokwenda. Kilichobaki ni kujua kwamba katika ufunguo wa G do hiyo hukaa kwenye mstari wa pili kutoka chini, na nyingine zote zinajipanga kuanzia hapo. Chukua nyimbo unazozijua kwa moyo, uziandike upya katika mistari mitano, moja baada ya nyingine, na ufanye hivyo mpaka siku ya usaili. Mahali sol-fa inapoelemewa ni pale muziki unapohamisha do kila baada ya vipimo vichache, kama katika kazi nyingi za karne ya 20, na hapo ndipo utakapoishukuru mistari mitano. Kama unaweza kumudu gharama, mitihani ya nadharia ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ni kipimo kizuri. Ina ngazi 8, na bodi hiyo haimruhusu mtu kufanya mtihani wa ala wa ngazi ya 6 kabla hajafaulu nadharia ya ngazi ya 5 au mtihani mwingine inaoukubali badala yake. Ukifika ngazi ya 3 au ya 4 ya nadharia kabla ya chuo, hutapata shida darasani.

Mzee wa Tarumbeta

Marahaba, kijana. Mwalimu amesema vizuri, nami nitaongeza jambo moja tu, kwa sababu umesema unapiga tarumbeta ya usharika na nimewaona vijana wengi wakivunjika moyo kwalo.

Matarumbeta ya makanisa yetu ya Kilutheri yana asili yake Ujerumani, ambako mchungaji Johannes Kuhlo aliyaimarisha sana mwishoni mwa karne ya 19, na desturi ya huko ni kwamba tarumbeta husoma nota kama zinavyosikika. Ukipuliza bila kubonyeza kitufe chochote, sauti inayotoka ni B bemoli, na katika vitabu vya desturi hiyo nayo huandikwa B bemoli. Bendi za shule, za jeshi na za vyuo zinazofuata desturi ya Uingereza na Marekani haziandiki hivyo. Kwao nota za tarumbeta ya B bemoli huandikwa toni moja juu, kwa hiyo sauti ileile, bila kitufe, kwao ni C. Kama mwalimu wako wa usharika alifuata njia ya Kijerumani, basi siku utakapoketi katika bendi ya chuo ukasoma ulivyozoea, utakuwa toni moja juu ya wenzako kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho, na kiongozi asiyeijua historia hii atadhani hujui kusoma.

Dawa yake ni kujifunza majina mapya ya vidole, na haichukui muda mrefu ukiifanya kila siku na kitabu cha wanaoanza. Usijaribu kuhamisha kichwani nota moja moja wakati wa kupiga. Jifunze upya kabisa, uwe na desturi mbili, kama mtu anayezungumza Kimeru nyumbani na Kiswahili sokoni. Wapiga tromboni wanaosoma ufunguo wa besi hawana taabu hiyo, kwa sababu sauti zao huandikwa kama zinavyosikika kote kuwili. Ndiyo maana mimi nilihamia tromboni, ingawa mke wangu husema nilihamia kwa sababu ya mikono mirefu.

Mpiga Kanuni wa Unguja

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naheshimu maneno ya Mwalimu, lakini naona ameupa uzito mkubwa mno usomaji wa nota, utadhani kikundi ni mahali pa kupeleka macho tu.

Nimesoma hapa Zanzibar katika DCMA, chuo cha muziki kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambacho si chuo kikuu lakini udogo wake ni wa aina hiyohiyo unaoulizia. Huko kikundi cha taarabu kinakaa pamoja: kanuni (ala yangu, yenye nyuzi nyingi), udi, fidla, akodiani, dumbaki, besi na waimbaji. Nota hugawiwa, ni kweli, lakini kilichoandikwa ni mifupa ya wimbo. Fidla nne zikipiga mstari mmoja, hazipigi sawasawa. Mmoja anateleza kuingia katika sauti, mwingine anatetemesha mwisho wake, wa tatu anaacha nafasi ili udi usikike, na mvuto wa taarabu uko katika tofauti hizo ndogo. Hakuna karatasi inayokueleza hayo. Unayapata kwa kukaa kando ya mtu aliyeyapata kwa mtu mwingine, na katika mji wenye vikundi kama Ikhwani Safaa, ambacho kipo tangu mwaka 1905, mtu huyo haishi mbali.

Tena kuna sauti ambazo mistari mitano ya kawaida haizioneshi. Katika Rast, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ukianzia C, sauti ya tatu haiko kwenye E wala kwenye E bemoli, bali katikati yake, na mpiga kanuni huipata kwa kunyanyua au kulaza vile vijivipande vidogo vya chuma vilivyo chini ya nyuzi upande wa kushoto. Mwanafunzi aliyekuja na piano kichwani huona sauti hiyo ni kosa. Aliyekuja na masikio matupu huikubali baada ya siku chache.

Kwa hiyo swali lako la kama utapokelewa na sol-fa peke yake, mimi ningeligeuza: ukifika, omba uwekwe katika kikundi cha ala usiyoijua, kinachofundishwa kwa kusikia, na usiombe karatasi. Katika chuo kikubwa, kila mtu hufungiwa katika ala yake kwa kuwa wapo wa kutosha. Katika chuo kidogo wanahitaji mikono, nawe utapewa ngoma hata kama hujawahi kuishika. Hiyo nafasi ni bora kuliko okestra unayoililia.

Mwalimu wa Nota

Ndugu yangu wa Unguja, sikupinga masikio. Nilijibu kuhusu kwaya na bendi, ambako asiyesoma humchelewesha mwenzake kila jioni. Lakini shauri lako la kumtaka achukue ala asiyoijua, na afundishwe bila karatasi, naliunga mkono, na ningetamani mtu angenipa shauri hilo nilipokuwa mwaka wa kwanza.

Mwana wa Nam Lolwe

Hamjambo ndugu zangu. Naandika kutoka Kisumu, na mimi ndiye mtu wa aina uliyemwulizia mwishoni, kwa maana shahada yangu ni ya sosholojia, na muziki niliufanya katika vikundi vya chuo kwa miaka yote niliyokaa huko.

Nianze na hali ya Kenya, kwa kuwa inaweza kumsaidia baba yako. Kwetu, muziki ni somo la mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na lina sehemu ya vitendo, ya kusikiliza na ya nadharia. Vyuo kama Kenyatta humruhusu mtu kusomea ualimu akiwa na muziki pamoja na somo lingine la kufundishia. Mwalimu mwenye masomo mawili, mojawapo likiwa muziki, hutafutwa na shule nyingi hapa, na sababu yake kubwa ni Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1927 na ambalo mwalimu mkuu yeyote hupenda shule yake ionekane humo. Kule kwenu shule zinazofundisha muziki kama somo ni chache, kwa hiyo hofu ya baba si ya bure. Lakini chunguza kama kuna chuo, kikubwa au kidogo, kitakachokuruhusu kuchanganya Kiswahili na muziki katika shahada moja ya ualimu. Huenda mnagombana bure, wewe na mzee.

Kuhusu kujiunga ukiwa wa kozi nyingine: kwaya za vyuo vidogo kwa kawaida hazibagui, kwa sababu idara ya muziki yenyewe haina watu wa kutosha kujaza sauti nne. Utapimwa sauti, utaimbishwa ngazi, utaulizwa kurudia mstari uliopigwa kwenye piano, basi. Ugumu uko katika ratiba. Wanafunzi wa muziki mazoezi yao yamo ndani ya ratiba ya masomo. Wewe utakuwa unatoka mhadhara wa saa kumi ukikimbilia mazoezi ya saa kumi na moja, na majaribio ya katikati ya muhula yakifika hakuna mhadhiri wa sosholojia atakayekuonea huruma eti kuna onyesho. Pia hutapata masomo ya ala ya mtu mmoja mmoja, kwa kuwa hayo yamelipiwa katika ada ya wenzako. Nilichofanya ni kuelewana na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa muziki: yeye ananifundisha nadharia, mimi namsomea na kumsahihishia insha zake.

Jihadhari na jambo moja, nalisema nikiwa nimelipenda tamasha hilo maisha yangu yote. Pale ambapo kikundi cha chuo kinaishi kwa ajili ya mashindano, mnaweza kuimba wimbo uleule wa lazima kwa miezi, mkiupiga msasa mpaka unang'aa, na mwaka ukaisha mkiwa mmejifunza nyimbo tatu. Kombe hupatikana, ila usomaji wenu wa nota unabaki palepale. Ukitembelea chuo, waulize waimbaji wameimba nyimbo ngapi tangu mwaka uanze. Jibu lao litakuambia kama kiongozi anafundisha au anawinda vikombe.

Mimi kwaya niliiacha baada ya muda nikahamia kikundi cha nyatiti, na hapo namwunga mkono mpiga kanuni. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga mbao za ala, njuga zinalia mguuni, na wakati huohuo anaimba. Mtu mmoja ni kikundi kizima. Mtu akijaribu kuwaketisha wapigaji sita wa namna hiyo pamoja, swali si tena nani anasoma nota, bali ni nani atakubali kupunguza. Wazee wa kwetu walizoea nyatiti ipigwe na mwanamume peke yake, kwenye matanga au sherehe, kwa hiyo kikundi cha nyatiti chenye wasichana ni jambo lililozaliwa na shule na vyuo, na wapo wanaolinung'unikia. Mimi naona kimeiokoa ala.

Sauti ya Tatu

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Mzee wa Tarumbeta, umenifumbua: mwalimu wetu husoma kama ulivyoeleza, na mwaka jana tulipoalikwa kupiga pamoja na bendi ya shule moja hatukupatana hata wimbo mmoja, kila upande ukiulaumu mwingine.

Nina swali la ziada kwa Mwalimu. Nikifuata shauri la mpiga kanuni, ningependa kuchukua muziki wa Wagogo, yaani ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze, kwa kuwa ndio ulionivutia tangu niliposikia rekodi za mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose. Lakini mwenzangu mmoja wa kwaya ananitisha kwamba ala hizo hazilingani na piano, na kwamba nitaharibu masikio yangu na kuanza kuimba chini ya sauti. Je, ni kweli?

Mwalimu wa Nota

Ni kweli kwamba hazilingani na piano, na si kweli kwamba zitakuharibu.

Ukipiga uzi mmoja, ndani ya sauti yake mna sauti nyingine nyembamba zinazopanda kwa mpangilio ambao hakuna binadamu aliyeuchagua. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sehemu ya mpangilio huo, kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa, ambazo kwa lugha yako ya sol-fa ni do, mi, sol, ta, do ya juu na re. Hiyo ta, yaani ti iliyoshushwa, ndiyo inayomtisha mwenzako, kwa sababu do ikiwa C, iko chini ya B bemoli ya piano kwa takriban theluthi ya nusu-toni, yaani tofauti ambayo sikio lolote huisikia. Anayeizoea piano huiita mbovu. Lakini tazama mi: katika mpangilio huohuo wa asili, nayo iko chini kidogo ya mi ya piano, kwa karibu sehemu moja ya saba ya nusu-toni, na hiyo ndiyo mi ambayo kwaya nzuri isiyo na kinanda huiimba yenyewe pale sauti nne zinapotulia pamoja mwishoni mwa wimbo. Wewe umeisikia mara nyingi usharikani bila kujua. Kwa hiyo atakayetoka kwenye ilimba akaja kwenye kwaya atakuwa mwepesi wa kusikia do, mi, sol zilizotulia kuliko aliyetoka kwenye kinanda cha umeme.

Taabu yako itakuwa kwenye ta tu. Wimbo wa kwaya ukiwa na ta katika sauti ya tatu, sikiliza wenzako na kinanda, usiipeleke kwa Wagogo. Zawose mwenyewe, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kufundisha na kuongoza wanamuziki wengi pale Bagamoyo, alipiga na wanamuziki wa ng'ambo waliotumia ala za umeme, na hakuna aliyemwambia amepotea sauti.

Kuhusu maombi, fuata kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) cha mwaka huu kwa sifa za kujiunga, na usome mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka huuhuu kabla ya kumwahidi baba chochote, kwa sababu vipaumbele vya mikopo hubadilika na kozi za sanaa haziko juu ya orodha. Kwa usaili wa vitendo andaa wimbo mmoja wa kwaya usio na kinanda na kipande kimoja cha tarumbeta unachokimudu kabisa, hata kama ni rahisi. Msaili anayesikia kipande rahisi kilichosimama vizuri anajua la kufanya nawe. Anayesikia kigumu kilichovunjika haoni chochote.

Mzee wa Tarumbeta

Na uende na kipande chako mwenyewe cha mdomoni, kijana. Tarumbeta watakuazima, ila usiweke midomo yako kwenye kipande kilichopulizwa na darasa zima, maana ukubwa wake hautakuwa uliouzoea na hata nota zako rahisi zitakataa. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu usiku wa kuamkia usaili, na asubuhi yake usinywe chai yenye sukari nyingi kabla ya kupuliza.